Flashi kwa basi ni nafuu kuliko intaneti ya nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye safu yako ya barua za wasomaji. Najua mnapenda barua fupi ila hii nikiibana sana itaonekana ni malalamiko ya mtu aliyeishiwa bando usiku akakosa usingizi. Na kweli nimeishiwa bando usiku, sikatai, lakini hilo ni la leo, mi nina la miaka minne, la intaneti ya nyumbani.

Jumanne iliyopita saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa stendi ya Nyegezi hapa Mwanza na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha flashi, ndani ya flashi sendofu ya binti mmoja ambaye saivi yuko Dar na mumewe wanaisubiri kwa hamu. Kazi yangu ndo hiyo, napiga video za harusi, sendofu, kichenpati, kipaimara, na siku hizi hata misiba watu wanarekodi. Kondakta ananijua, hata haulizi, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni juu ya bahasha, nampa elfu tano, anaichomeka pale mbele kwa dereva pamoja na karatasi zake. Zaidi ya kilomita elfu moja hizo, na usiku flashi iko Dar. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kupakia mzigo akaniangalia akasema bro, si ungemtumia tu linki? Nikacheka tu, maana kumjibu ingebidi nimwambie yote haya ninayokuandikia wewe.

Piga hesabu na mimi. Video ya saa tatu, kwa ubora ambao mteja hatarudi kusema sura ya mama yake imekuwa kama imepakwa uji, inakuja kama MB elfu 27, yaani GB 27 hivi. Mwaka 2021 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano nchini, walitoa bei elekezi za bando, MB moja kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Chukua ile ya chini kabisa, elfu 27 mara 2.03, unapata shilingi 54,810. Ya juu inafika 252,450, kwa hela hiyo napanda basi mwenyewe flashi ikiwa mfukoni, nalala gesti, nakula chipsi kuku, narudi Mwanza na chenji. Sasa intaneti ya nyumbani ina unafuu kidogo kuliko ya simu, nakubali, mi nalipa elfu 70 kwa GB 120 za siku 30, maana yake GB moja inanisimamia kama shilingi 583, na hiyo sendofu ingenila 15,750 kuipandisha tu, bado huyo bibi harusi naye aipakue kule kwa bando lake. Basi ni elfu tano. Basi la abiria, linalokula dizeli, lenye dereva wawili, linalopita mizani, linashindana bei na waya wa kioo unaopitisha mwanga, na linashinda!

Alafu tuliambiwa nini? Mwaka 2009, mwezi wa saba, mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulipofika Dar mi nilikuwa kijana wa kukaa intaneti kafe nalipia kwa saa, unaandika imeili huku jicho liko kwenye kisaa pale pembeni ya skrini, tukaambiwa habari za kutegemea satelaiti zimekwisha, bei zinashuka. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. 2023 ukashushwa 2Africa. Katikati hapo serikali ikavuta Mkongo wa Taifa mikoani mpaka mipakani, Rusumo kwa ajili ya Rwanda, Kabanga kwa ajili ya Burundi, Mutukula kwa ajili ya Uganda. Majirani zetu wasio na bahari wanapitishiwa intaneti kwetu, ni jambo zuri kabisa na tunajivunia, ila mi ambaye inapita kwangu bado nahesabiwa kama nilivyohesabiwa pale kafe, tofauti ni kwamba kile kisaa kimehamia sebuleni.

Nikwambie tunavyoishi ndo utaelewa kwa nini nalipa bila kuondoka. Mi nakaa Mkolani, nyuma ya mawe. Anayeijua Mwanza hahitaji maelezo, asiyeijua afikirie vilima vya mawe makubwa na nyumba zimechomekwa katikati, jirani yako anaweza kuwa mita hamsini lakini kumfikia ni kupanda na kushuka. Jiwe halipitishi mawimbi. Laini za kampuni nyingine zinashika ukisimama barabarani, au ukipanda juu kabisa pale watoto wanapoanikia nguo, ukiingia ndani zinabaki nukta mbili, ukifika chumbani ndo kwaheri. Kwa hiyo rauta za hewani za kina fulani na fulani hazinisaidii. Waya uliofika mtaani ni wa kampuni moja tu, waliweka nguzo zao, wakavuta faiba yao, siku hiyo tuliwapikia hadi chai wale vijana. Fundi wa kampuni nyingine nilimwita mwaka jana akaja, akaangalia, akaniambia kaka mi waya ninao, ila kusimika nguzo zangu hapa kwa ajili ya nyumba kumi na tano bosi hatakubali, na kwenye nguzo za hao siruhusiwi kupitisha. Akanywa maji akaondoka. Sitaitaja kampuni, wenye mtaa wanaijua, na wa mitaa mingine waweke tu jina la ile ya kwao maana najua ugonjwa ni uleule.

Tuongelee huko kuhesabiwa. Kwanza niseme jambo ambalo wao watalifurahia, kwamba mwanzoni niliwasingizia wizi. Bando la kwanza lilikata siku ya kumi na nane, nikasema hawa wezi, nikanunua kaunta buku, kila siku saa nne usiku naandika GB zilizobaki, saa kumi na mbili asubuhi naandika tena. Siku ya tatu nikakuta GB sita zimeondoka watu wote wamelala. Nikapiga simu nimewaka kweli kweli. Kumbe ni laptopu ya mdogo wangu, Windows ilikuwa inajiapudeti usiku kucha, na tiivii nayo, hizi tiivii janja ukiiacha YouTube inajipigia video moja ikiisha inaweka nyingine, mtazamaji kalala kwenye kochi mdomo wazi. Mtazamaji mwenyewe ni mimi. Basi nikawaomba radhi. Kwa hiyo mita yao sina ugomvi nayo, inahesabu sawasawa, ugomvi wangu ni kwa nini inahesabu.

Maana toka siku hiyo nyumba yangu imekuwa kama kituo cha polisi. Simu za wageni hazipewi pasiwedi. Wewe unajua huku kwetu mgeni akiingia anapewa maji kabla hajaulizwa shida yake, sasa siku hizi shemeji akija salamu haijaisha anauliza pasiwedi, na mimi najifanya sijasikia, naongelea mvua. Mke wangu anauza vitenge mtandaoni, akiweka picha naambiwa nisiguse kitu mpaka ziingie. Kijana wangu yuko kidato cha nne, anasema baba nataka kuangalia practical ya Kemia, namuuliza ni ya dakika ngapi. Mtoto anaomba kusoma namuuliza ni dakika ngapi.

Na kuna siku moja sijaisahau. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Sengerema. Ana kijana wake yuko Muscat, hawajaonana miaka miwili, mke wangu akampigia kwa video wakawekwa kwenye tiivii ili bibi amwone mwanae mkubwa mkubwa. Ilikuwa tarehe 26, nimebakiwa na GB nne, na kesho yake nina kazi ya kutuma vipande vya video vya mteja ambavyo haviwezi kusubiri basi. Sikusema neno, naapa, nilisimama tu mlangoni. Lakini nadhani nilisimama vibaya. Mama mkwe, ambaye kwa heshima zetu hata kunitazama usoni hanitazami sana, akageuka kidogo akasema, "Basi baba, nimemwona, inatosha." Akamuaga mwanae. Dakika kumi na moja. Mi nikaenda nje nikajidai naangalia kuku.

Watu wa kampuni wakisikia hii wataniambia ungenunua kubwa. Ndo walivyoniambia. Dada wa huduma kwa wateja, mpole sana sina neno naye, akasema, "Kaka tunaelewa changamoto yako, nikushauri ujiunge na kifurushi kikubwa zaidi." Nikamuuliza dada yangu, hicho kikubwa kinaisha lini? "Siku thelathini kaka." Kwa hiyo GB zitakazobaki zitaoza nyingi zaidi? Akanyamaza kidogo, nasikia wenzake kwa nyuma wanaongea na simu zao, akasema, "Kuna lingine nikusaidie?"

Hapo kwenye kuoza ndo pananiuma kuliko bei yenyewe, naomba unielewe vizuri hapa. Kazi yangu ina misimu. Kwaresima Wakatoliki hawafungi ndoa, Ramadhani shughuli zinapungua, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili ndo nakosa hata muda wa kula. Desemba bando la GB 120 linaisha tarehe tisa. Kwaresima iliyopita nikabakiwa na GB 71, na hela nimelipa kamili kabisa, saa sita usiku zikafutwa, meseji ikaja kunishukuru kwa kutumia huduma yao. Mwaka huohuo mmoja, mteja huyohuyo, mwezi mmoja namwaga, mwezi mwingine naokoteza.

Sasa umeme wa luku nikinunua uniti leo nikasafiri miezi miwili, nikirudi nazikuta zimenisubiri. Maji yana mita, nikifunga bomba mita inasimama. Mtungi wa gesi haunipigi simu kuniambia gesi yako inakwisha muda Ijumaa. Hivyo ni vitu vya kupima, unalipa ulichotumia. Alafu kuna vitu vya kukodi, nyumba nalipa kwa mwezi, baba mwenye nyumba hanihesabii nimefungua mlango mara ngapi wala nimelala vyumba vingapi. Intaneti hii imechukua ukali wa pande zote mbili. Inanipima kama luku, alafu inaniisha muda kama kodi ya nyumba. Mi nasema wachague. Wakitaka kunipima, wanipime na kilichobaki kiwe changu mpaka nikimalize. Wakitaka nilipe kwa mwezi, basi waache kuchungulia nimefungua mlango mara ngapi.

Na wasituambie kwamba GB ni kitu kinachochimbwa mahali kikaisha. Nimekaa na mafundi wa mitandao, siku nyingine ndo wateja wangu, wanaoa na wao, wamenieleza. Kampuni inapokwenda kununua intaneti kwa wenye mikongo hainunui GB, inanunua upana wa njia, gigabiti kadhaa kwa sekunde, inalipia kwa mwezi au kwa miaka, zipite data hata zisipite bei ni ileile. Sisi wa Mwanza mfano tunao hapa jirani. Pale Kigongo na Busisi tumevuka kwa kivuko miaka yote, kivuko kikiwa na hitilafu unalala pale na samaki wako, mwaka 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu juu ya ziwa. Sasa gari likipita pale saa nane za usiku daraja lipo tupu, saruji imepungua kiasi gani? Gharama ilikuwa kulijenga, na gharama nyingine ni foleni, siku ambayo magari yamejaa mpaka inabidi uwaze kulipanua. Intaneti ni hivohivo. Foleni iko saa mbili mpaka saa tano usiku, kila nyumba imewasha tiivii, hapo sawa, tunabanana. Lakini zile GB sita za laptopu ya mdogo wangu, usiku wa manane, njia tupu, zimemgharimu nani shilingi ngapi? Nilishawahi kuwaomba, jamani nitozeni hayo masaa ya foleni, mniachie saa saba mpaka saa kumi na moja alfajiri nipandishe video zangu. Simu za mkononi mbona ziliwahi kuwa na ofa za usiku miaka ileile tunanunua bando kwa kukwangua vocha. Jibu sijapata mpaka leo.

Jibu nililolipata nilijipatia mwenyewe mjini. Nina rafiki ana studio mjini kati, nilienda kumsaidia kazi, nikakuta anatumia kampuni hiihii ninayoisema, stika yao ileile mlangoni, ila yeye hahesabiwi kitu. Analipa kwa spidi, mwezi mzima, apandishe apakue mpaka achoke. Nikasema labda ni cha maofisi, akasema hapana, hata nyumbani kwake palepale mjini ni hivohivo. Nikauliza kwa nini mi sijaambiwa. Akanipeleka dirishani akanionyesha nguzo ya nje, akasema hesabu waya. Nikahesabu, za kampuni tatu. Akaniambia zamani na yeye alikuwa anakatiwa GB kama mimi, siku wale wa pili walipopita wanagonga milango na fulana zao mpya, wiki hiyohiyo hawa wa kwanza wakampigia simu wenyewe, mpendwa mteja tumekuboreshea huduma. Mpendwa mteja. Mi miaka minne sijawahi kuboreshewa. Kutoka Mkolani mpaka pale ni daladala moja, waya umetoka sehemu moja, mafundi ni walewale, hata dada wa simu nadhani ni yuleyule.

Kwa hiyo mtu asiniambie bei ya mtaani kwetu ni gharama. Ile ni bei ya kukosa waya wa pili.

Na hili si letu peke yetu. Ethiopia walikuwa na kampuni moja tu ya simu nchi nzima, Ethio Telecom, ya serikali, watu zaidi ya milioni mia, huna pa kukimbilia. Katikati ya mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba itafungua mlango, wengine waingie. Mwezi wa nane mwaka huohuo, hata huyo mwingine hajulikani ni nani, Ethio Telecom ikashusha intaneti ya simu kwa asilimia 43 na ile ya majumbani kwa asilimia 54. Zaidi ya nusu! Mshindani mwenyewe, Safaricom, kaanza kuuza pale mwaka 2022, miaka minne baadae. Yaani kusikia tu kwamba kuna mtu atakuja. Sasa hiyo asilimia 54 kabla ya hapo ilikuwa inaitwa nini? Bila shaka na wao walikuwa na dada mpole wa kuwaambia kaka tunaelewa changamoto yako.

Sitaki kuonekana nawaonea watu wa serikali, mwaka 2021 walifanya kitu. Wengi tunakumbuka ile Ijumaa Kuu, tarehe 2 mwezi wa nne, bei mpya za bando tulivyoamka nazo asubuhi, ukiweka elfu moja unapata MB za kuangalia hali ya hewa tu, nchi nzima ikalia, siku hiyohiyo zikasitishwa. Na TCRA kwenye utaratibu wa mwaka huo waliweka mambo mazuri, kwamba mteja aarifiwe akifikisha asilimia 75 ya bando na akimaliza, kwamba anaweza kumhamishia mwenzake bando, na kwamba bando lililobaki linaweza kuendelea. Ila hilo la kuendelea lina mkia wake, uwe umenunua tena bando lilelile kabla muda haujaisha. Mkia huo ndo ulionifyeka Kwaresima. GB 71 ninazo, nimeshazilipia, ila ili niendelee kuwa nazo nitoe elfu 70 nyingine, mwezi ambao sina hata harusi moja. Ni kama muuza nyama akuambie kilo yako ya jana niliyokuwekea kwenye friji naitupa usiponunua nyingine leo. Na ile meseji ya asilimia 75, kwangu inaingia saa tisa na dakika arobaini na saba usiku, sijui kwa nini saa hiyo, nimeshaizoea kama adhana.

Kwa hiyo ninachoomba, na naomba kupitia kwako Mhariri maana nyie wakisoma wanaogopa kidogo, ni kwamba huo mkia ukatwe. GB niliyoilipia iishe ikishatumika, nikinunua nyingine sawa, nisiponunua sawa. La nguzo nalo TCRA na Tume ya Ushindani wakae waliangalie pamoja, kwa sababu hilo ndo mzizi wa mengine, aliyesimika nguzo mtaani alipwe kodi ya nguzo na mwenzake anayetaka kupitisha waya, kwa bei inayojulikana, asiwe na mamlaka ya kusema hupiti. Minara ya simu mbona mingi siku hizi ni ya kukodisha, mmoja unabeba antena za kampuni tatu na hakuna aliyekufa. Na kwenye maghorofa huko Dar nasikia ni hivohivo, msimamizi wa jengo ameshaelewana na kampuni moja, mpangaji ukitaka nyingine unaambiwa ukuta hautobolewi, sasa huo nao ni ukiritimba hata kama ni wa ngazi nne tu. Alafu, hili dogo, kampuni ilazimishwe kuweka bei zake zote wazi, za mjini na za Mkolani, kwenye karatasi moja. Tukiziona zimekaa pamoja nadhani hata wao wataona aibu. Au labda hawataona, sijui.

Kuna jirani yangu, mzee mstaafu, nilipomwambia nakuandikia wewe akaniuliza mwanangu, unategemea watakujibu? Nikamwambia shikamoo mzee, sitegemei. Akasema sasa kwa nini unaandika. Nikamwambia nina siku nne bando halijaisha muda na GB zimeisha, sina kazi nyingine ya kufanya usiku. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye anatumia redio.

Nilitaka kukutumia na video fupi, nimerekodi lile daftari langu la mwaka mzima nafunua ukurasa mmoja mmoja, alafu na ile nguzo ya mjini yenye waya tatu na ya kwetu yenye mmoja. Ni kama MB 900. Hii barua yenyewe naituma kwa simu nikiwa nimepanda juu ya jiwe. Hiyo video mkiihitaji mniambie niiweke kwenye flashi, basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, usiku mtaipokea, ila mtu wenu awe stendi mapema kwa sababu kondakta akishuka anazima simu.

Msomaji wenu,
Mpiga video, Mkolani, Mwanza